Kamba ya Mandazi

"Mimi napika keki, mheshimiwa, keki za—"

"Unapika, nani amekataa, ila kwa aina wewe ni—"

"—za harusi, za kipaimara, juzi nimepika ya mke wako ya—"

"—ni mnyongaji, binti yangu, hizo keki ni nyongeza, na nyongeza haifuti—"

"—ya kuzaliwa, ukaja mwenyewe hapa kuomba kipande cha pili—"

"—haifuti aina ya baba. Na kile kipande kilikuwa cha dereva."

Hapo wote wawili wakaishiwa pumzi. Sikudhani alikuwa nyuma ya kaunta ya duka lake, unga umempanda mpaka kwenye viwiko. Upande wa pili alisimama Mheshimiwa Mshindo, Mkaguzi Mkuu wa Wizara ya Usalama wa Aina, kavaa suti ya rangi ya maziwa. Nyuma yake walikuwepo askari wawili waliokuwa wanazitazama keki za ndizi kwa macho ya watu ambao hawajanywa chai. Mshindo alikuja na habari njema, ndivyo alivyoiita mwenyewe. Nchi ilikuwa na mtu wa kunyongwa, na kazi imemwangukia Sikudhani.

Nchi yenyewe haitatajwa hapa. Si kwa woga. Ni kwamba jina lake hubadilika kila inapozimika na kuwashwa upya, na siku hizi inazimika sana, kwa hiyo ukilitaja leo, kesho unaonekana mchochezi. Kinachojulikana ni kwamba ni nchi salama. Imeandikwa kwenye kila ukuta: SALAMA. Hata ukuta wa gereza umeandikwa, tena huko kwa herufi kubwa zaidi.

Usalama huo aliuleta Mshindo. Ujanani serikali ilimpeleka ng'ambo akasomee kompyuta. Huko akafundishwa kwamba lugha wanazotumia mafundi kuziamuru kompyuta zimejengwa kwa aina. Kila kitu kina aina yake, na aina huzaliwa na aina. Aina ya mtoto inarithi kazi zote za aina ya mzazi bila kufundishwa hata moja. Mtoto anaweza kuongeza kazi zake, anaweza kubadili namna ya kuifanya kazi ya mzazi, lakini hawezi kuikataa. Na popote panapotakiwa mzazi, ukimweka mtoto panajaa, mashine haigombi. Halafu, kabla mashine haijafanya lolote, anapita mkaguzi kuangalia kama kila kitu kiko kwenye nafasi ya aina yake. Kikiwepo, imepita. Mkaguzi haulizi kama hicho kitu kinaijua kazi. Anauliza tu kinamrithi nani.

Mshindo alisikiliza darasani machozi yanamlengalenga. Wenzake waliona kompyuta, yeye aliona nchi yake. Hakusubiri masomo yaishe. Alipanda ndege kurudi nyumbani kozi ikiwa nusu, na mpaka leo hakuna aliyemwambia nusu ya pili ilihusu nini.

Rais alilipenda wazo. Rais wa nchi hiyo ni wa dhahania: raia wote wanarithi kutoka kwake, lakini mwenyewe hajawahi kuonekana, anasikika tu kwenye vipaza sauti. Ikapitishwa Sheria ya Urithi Salama. Rubani mmoja alipofariki, akaitwa mwanawe, fundi viatu, akapewa ndege. Fundi viatu akasema hajui hata mlango wake unafunguliwa kwa wapi. Mkaguzi akamwuliza baba yake ni nani, akasema rubani, mkaguzi akasema imepita. Na ndege ilipaa kweli, hilo tumpongeze. Jioni wizara ikatoa taarifa kwamba safari ilianza na ndege na ikaisha na ndege, na kwamba idadi ya vipande si suala la aina. Mjane wa fundi viatu aliletewa shada la maua ya plastiki, na mwanawe wa kunyonya akaandikishwa urubani siku hiyohiyo.

Kitu kingine ambacho Mshindo alikikumbuka kutoka darasani ni hatari ya wazazi wawili. Mwalimu alisema baadhi ya lugha hizo haziruhusu aina kuzaliwa na aina mbili, maana wazazi wote wakiwa na kazi moja na kila mmoja anaifanya kwa namna yake, mtoto hatajua amfuate nani. Basi katika nchi salama kila mtoto ana mzazi mmoja. Mzazi huyo ni baba, kwa kuwa kamati iliyoamua ilikuwa ya akina baba. Yule mwingine anayekuwemo nyumbani, anayenyonyesha na kufua, kisheria anaitwa mkazi mwenza.

Sasa Sikudhani alikuwa mtoto wa marehemu Tabuni, mnyongaji wa serikali, mzee mpole aliyekuwa anazipaka samli kamba zake ili zisiwachubue watu. Alipofariki, hakuna aliyekumbuka kumwita binti yake, pengine kwa sababu hata wakubwa wanapenda keki. Kiti cha mnyongaji akapewa Tupu.

Tupu si mtu. Tupu ni jina la nafasi isiyo na mtu. Darasani Mshindo aliambiwa kwamba Tupu anakubalika kwenye nafasi ya aina yoyote: panapotakiwa daktari, Tupu anapita, panapotakiwa waziri, anapita, mkaguzi hamgusi. Mshindo alifurahi mno kumpata mfanyakazi wa namna hiyo, asiyekula, asiyegoma, asiyeomba likizo, akamwajiri karibu kila ofisi. Tahadhari kuhusu Tupu ilikuwemo kwenye ile nusu ya pili ya kozi.

Tahadhari yenyewe ni ndogo tu. Tupu unaweza kumweka popote, ila usimwagize kitu. Siku walipomfikisha mfungwa wa kwanza mbele ya kiti cha marehemu Tabuni, wakasema, "Mnyongaji, nyonga," na kiti hakikujibu, nchi nzima ilianguka. Umeme ukakatika, bomba zikakauka, simu zikafa, ng'ombe wa machinjioni wakashangaa kuona visu vimeishia hewani. Maana sheria inasema nchi ikianguka kila mtu asimame alipo, asifanye lolote, mpaka mafundi waiwashe na sauti ya Rais isome upya hotuba ya kuapishwa kuanzia salamu. Yule mfungwa naye alisimama na kitanzi shingoni mpaka jioni, kwa utii. Alisifiwa sana, kisha akarudishwa gerezani kusubiri utaratibu.

Ndiyo maana Mshindo alikuwa pale dukani. Wizara imechoka na nchi kuanguka, alisema. Wamepekua, wamekuta Tabuni aliacha mtoto. Sikudhani akajitetea kwamba hajawahi kuua hata panya wa stoo. Mshindo akasema kuua panya ni aina nyingine kabisa, wasichanganye mambo. Sikudhani akauliza, je, akikataa? Mshindo akamtazama kwa huruma ile ya kiofisi.

"Kukataa hakupo. Ila mtu akiwa na hitilafu, nafasi inashuka kwa mtoto wake. Wewe una Tunu, si ndiyo? Yuko darasa la pili. Tumeshampima. Akipanda stuli anafika."

Sikudhani akavuta beseni lake. Akaanza kukanda unga ambao tayari ulikuwa umekandika. Kisha akauliza kazi yenyewe inafanywaje, na hapo Mshindo akachangamka, kwa sababu hakuna alichokipenda kama kufundisha ile nusu aliyoijua. Akachukua kipande cha keki ya ndizi bila kukaribishwa wala kuomba, akaegemea kaunta. Alieleza kwamba wizara inaangalia vitu vitatu tu: jina la kazi, kinachoingia na kinachotoka. Jina ni kunyonga. Anaingia mfungwa, inatoka maiti. Hapo katikati serikali haijishughulishi. Tabuni alipenda katani, yeye atumie anachokijua.

"Na maiti ni nini?" Sikudhani akauliza.

"Kwa macho au kwa aina?"

"Kwa aina."

"Chochote kinachomrithi maiti," alisema Mshindo, mdomo umejaa. "Ndiyo uzuri wake. Macho hatuyatumii."

"Na huyo wa kunyongwa ni nani?"

Mshindo akapangusa makombo kwenye tai. "Kidawa. Yule mkunga."

Askari wawili wakaacha kuzitazama keki. Sikudhani alisimama na ngumi zake ndani ya unga kama mtu aliyenasa kwenye tope.

"Huyo ni mama yangu."

"Hapana, tumeangalia. Mzazi wako ni Tabuni. Kidawa ni mkazi mwenza, umeishi naye nyumba moja kama unavyoishi na mende. Ungekuwa mwanawe tusingekuja kwako, binti yangu. Sisi si wanyama."

Kosa la Kidawa lilikuwa la mdomo. Alikuwa ndiye mkunga wa mji mzima, mama yake marehemu Chausiku alikuwa mkunga pia, miaka ile ambayo watu walirithi wanachofundishwa. Siku moja alitoka wodini na kichanga mkononi, akawakuta mume na mke wakigombana mtoto ni wa nani kisheria, akawaambia waache upuuzi, mtoto ni wao wote wawili, yeye amemwona alikotoka na anajua alikoingilia. Watu walicheka. Mmoja hakucheka. Kesho yake Kidawa alishtakiwa kwa kurithisha mara mbili, kosa ambalo adhabu yake ni moja.

Kabla ya kuondoka, Mshindo aliagiza keki. Binti yake Zena alikuwa anakaribia kujifungua, na mjukuu huyo atakuwa Mkaguzi kabla hajafumbua macho. Sheria ya baba ilirekebishwa asubuhi moja kwa ajili ya tumbo hilo. Sikudhani akamwuliza nani atamzalisha Zena ikiwa mkunga ananyongwa. Mshindo akasema wasiwasi wa nini, nafasi imeshajazwa. Hakusema imejazwa na nani, na Sikudhani hakuuliza. Alikuwa ameanza kufikiria kamba.

*

Gerezani walimruhusu kuonana na mfungwa kwa sababu ya vipimo. Kila mnyongaji hupima shingo, hiyo ni haki yake. Kidawa alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, anasuka nywele za mfungwa mwenzake, wakamtoa yule mwenzake nje.

"Umekonda," Kidawa akasema.

"Umefungwa wewe, mama, nimekonda mimi?"

Neno hilo, mama, halikuwa na shida kisheria. Kila mwanamke mtu mzima huitwa mama, barabarani, sokoni, popote. Ilimradi usilimaanishe. Askari wa mlangoni alikuwa amefundishwa kusikiliza tofauti, akasogeza sikio.

Kidawa alijua kila kitu. Alimwambia mwanawe asipoteze muda, amnyonge tu yaishe. Alisema afadhali mikono hiyo kuliko ya mtoto wa darasa la pili juu ya stuli. Alisema hayo kwa sauti ya mtu anayeagiza nyanya, halafu akaomba kitanzi kisikae upande wa kushoto, ana jipu. Sikudhani akazungusha utepe wa kupimia kwenye shingo hiyo.

"Usiku wa kuzaliwa kwako mvua ilinyesha, hakuna aliyekuja," Kidawa akamnong'oneza utepe ukiwa bado shingoni. "Nilijizalisha mwenyewe. Nilikupokea kwa mikono hii. Baba yako alikuwa uani anapaka kamba samli, hata kilio chako alidhani ni paka. Sasa wewe niambie mzazi ni nani."

Sikudhani akakaza utepe ili asilie. Kisha, kwa sauti ya juu ya kumridhisha askari, akauliza, "Mfungwa, iliki au nazi?"

Kidawa akamtazama kama anatazama homa. "Iliki," akasema.

Usiku ule Sikudhani hakulala. Aliukanda unga wa mandazi mgumu kuliko kawaida, akautia iliki, akaunyoosha, akausuka kama nywele, akaufunga kitanzi, akaukaanga. Ukatoka wa kahawia, unang'aa, unanukia mpaka barabarani. Tunu akaamka kwa harufu, akaomba kipande. Mama yake akamwambia hiki si cha kula, na ndilo jambo la ajabu zaidi alilowahi kumwambia mtoto huyo.

*

Siku ya kunyonga ilikuwa sikukuu, kama kawaida. Watu walijaa uwanjani na viti vyao, kwa maana wamejifunza kwamba nchi ikianguka ni vizuri kuwa na kiti. Sikudhani alipoitoa kamba kwenye karatasi ya keki, walioko mbele wakameza mate. Mkaguzi wa zamu akainusa, akamtazama Mshindo. Mshindo akaitikia kwa kichwa: namna ya kunyonga anaichagua mnyongaji mwenyewe.

Kidawa akapandishwa jukwaani. Akavikwa kitanzi upande wa kulia. Mkaguzi akatangaza kwamba kazi ni kunyonga, ipo. Kinachoingia ni mfungwa, yupo. Sikudhani akavuta kipini cha kufungulia ubao wa jukwaa. Ubao ukafunguka, Kidawa akashuka, kamba ikasema kwach, na mama mtu mzima akatua kwenye mchanga kwa makalio, shingoni mkufu wa mandazi, makombo yamemjaa kifuani. Akakaa pale kidogo akijisikilizia. Halafu akamega kipande cha kitanzi, akala. Njaa ya gerezani si mchezo.

Uwanja mzima ukageuka kumtazama Mshindo. Sikudhani akashuka jukwaani, akasimama mbele yake, akasema:

"Kagueni kilichotoka."

Mkaguzi wa zamu akacheka, akasema kilichotoka kinatafuna. Sikudhani akasema macho hayatumiki, si ndivyo? Akamwomba aulize mzazi. Mkaguzi akauliza mzazi wa Kidawa ni nani. Chausiku, mkunga, kabla ya sheria ya baba. Yuko wapi? Amekufa, amelala makaburini toka zamani. Sikudhani akauliza, kwa hiyo Chausiku ni nini?

"Ni maiti," akasema mkaguzi.

"Na mtoto wa maiti?"

Mkaguzi akahesabu kwa vidole. Alikuwa mtoto wa mkaguzi, hajasoma, lakini hesabu hiyo ilikuwa fupi. Anayemrithi maiti ni maiti. "Imepita," akasema, kwa sauti ya mtu aliyekanyaga kitu laini gizani. Watu wakapiga makofi. Wengine walisimama juu ya viti. Sikudhani akamkimbilia mama yake, akampangusa makombo, na askari aliyekuwa karibu akageuza uso kwa makusudi.

Mshindo peke yake hakupiga makofi. Baba yake yeye alizikwa zamani sana, kwa heshima zote. Akatazama uwanja, akaanza kuwahesabu kichwani wote waliofiwa na baba, na kadiri alivyowahesabu ndivyo alivyozidi kujiona ni kiongozi wa makaburi. Angekubali kwamba sheria ina tundu, angekubali kwamba kuna nusu ya pili. Akachukua kipaza sauti, akatabasamu.

"Ndugu wananchi, mmejionea. Kazi imefanyika, aina imetimia, na mnyongaji wetu amelithibitishia taifa kwamba urithi ni urithi. Nampongeza." Akasubiri makofi ya pili yaishe. "Sasa maiti izikwe. Jua linapanda."

Sikudhani alidhani hakusikia vizuri. Alijaribu kusema mama huyu ni mzima, akaambiwa yeye ndiye aliyethibitisha. Akasema basi ukaguzi urudiwe, yeye atatengua maneno yake, atakaa gerezani badala ya mama. Mshindo akamshika bega kama baba, akamwinamia sikioni.

"Tabuni naye si alikufa? Basi nyamaza, binti yangu. Shimo ni pana."

*

Maiti katika nchi ile ina kazi moja tu, kuzikwa. Kazi ya kusema haimo kwenye aina hiyo. Kwa hiyo Kidawa alipopiga kelele njiani, hakuna aliyeruhusiwa kusikia, na watu waliomfahamu, ambao aliwapokea duniani kwa mikono yake, walitembea pembeni mwa machela wakizungumzia bei ya sukari kwa sauti kubwa ili wasisikie. Si kwamba walikuwa wabaya. Wengi wao walifiwa na baba.

Shimo lilichimbwa na mtoto wa mchimba makaburi, mwalimu wa muziki, mwenye malengelenge kwenye kila kidole. Walimshusha Kidawa, akakaa kitako humo ndani kwa sababu alikataa kulala. Alimwambia mchimbaji kona moja imepinda. Mchimbaji akatazama mawingu. Alimwambia Mshindo maneno ambayo hayaandikiki, na Mshindo akaiweka sawa tai yake. Mwisho Kidawa akamtafuta Sikudhani kwa macho.

Sikudhani alikuwa amelala kifudifudi ukingoni, ameunyoosha mkono wake chini kadiri ulivyofika, mama yake ameushika. Askari walijaribu kuwaachanisha wakashindwa, wakasema basi, udongo utawaachanisha. Kidawa alikuwa anavigusa vidole vya mwanawe kimoja kimoja, kama anavyofanya na vichanga, kuona kama vimetimia.

"Bado vina unga," akasema. "Tunu umempa nini asubuhi?"

"Chai na mkate."

"Usimfundishe kuvuta kipini."

Mshindo akashika kipaza sauti. Alitoa hotuba ndefu kuhusu nchi isiyokosea. Alisema majirani wanachagua watu kwa kujua kazi, na ona walivyo na wasiwasi, kila siku mitihani. Sisi hapa kila mtu yuko mahali pake tangu tumboni, kila kiti kimejaa, hakuna nafasi hata moja katika taifa hili ambayo—

Kipaza sauti kikafa.

Taa za ofisi ya makaburi zikazimika. Kule mjini ving'ora vikaanza, halafu navyo vikakatika, na kimya kikaja kama blanketi zito. Nchi imeanguka. Watu wote wakasimama walipo, kama sheria inavyotaka. Mchimbaji alibaki na koleo hewani, udongo unamwagika kidogo kidogo juu ya bega la Kidawa. Waliokuja na viti wakakaa. Mahali fulani mtu alikuwa amemwagiza Tupu kitu.

Baada ya kitambo akaonekana mwanamke anakimbia katikati ya watu waliosimama kama nguzo, viatu mkononi, kitenge kimefunguka, akivunja sheria kwa kila hatua. Alikuwa Bi Mwanakheri, mke wa Mshindo. Mshindo alimwambia asimame. Hakusimama. Alimfikia mumewe, akamshika suti kifuani.

Alisema kwa pumzi za vipande. Zena yuko wodini tangu alfajiri. Mtoto amekaa vibaya, mkono umetangulia. Wauguzi, wana wa wauguzi, wamejipanga ukutani wanalia. Mwisho mmoja wao akaita mkunga, akakiambia kiti cha mkunga kifanye kazi yake.

"Mmemweka Tupu, baba Zena. Kwa mwanao mwenyewe mmemweka Tupu."

Mshindo akageuka huku na huku. Alitazama mafundi wa wizara. Walikuwa wamesimama, kwa utii. Alitazama umati, na umati ulimtazama yeye. Hakuna mkaguzi aliyekuwa anakagua. Nchi ikiwa chini hakuna aina: hapakuwa na mnyongaji pale, wala mchimbaji, wala maiti, palikuwa na watu tu na shimo. Lakini mafundi huko mjini wangeiwasha muda si mrefu, na hotuba ya kuapishwa ingeanza, na kila mtu angerudi kuwa alivyorithi.

Sikudhani, bado amelala kifudifudi ukingoni, aliona viatu vyeupe vikisogea mpaka karibu na uso wake. Kisha akaona magoti ya suti ya rangi ya maziwa yakiingia kwenye udongo mbichi. Mshindo aliinama mpaka kichwa chake kikawa ndani ya kaburi.

"Mama," akasema, na safari hii, askari wote walisikia, alilimaanisha. "Toka kidogo, nakuomba. Ukamzalishe mwanangu kabla nchi haijawaka. Halafu urudi. Shimo nitakutunzia."